Boriti za Mikoko katika Dari za Dubai

Anayeingia katika nyumba za kale za mtaa wa Al Fahidi, kando ya Khor Dubai, akiinua macho huona dari zilizoshikwa na boriti za mikoko. Nyumba hizo zilianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 19 na wafanyabiashara waliotoka Uajemi, lakini boriti zake zilitoka Afrika Mashariki, ambako delta ya mto Rufiji na visiwa vya Lamu vilikuwa masoko makubwa ya miti hiyo.

Biashara hiyo ilifuata pepo. Majahazi ya Ghuba yaliteremka kwa kaskazi yakiwa na tende, chumvi na samaki wakavu. Kusi ilipoanza kuvuma yalirejea na shehena ya boriti. Ghuba nayo ina mikoko yake, aina ya mchu, lakini mchu hupindapinda na haufai kubeba dari. Mkoko wa Afrika Mashariki ulinyooka na kustahimili mchwa. Urefu wa boriti ndio uliopima chumba, na ndiyo maana vyumba vingi vya Al Fahidi, kama vile vya Lamu na Unguja, havizidi sana upana wa mita 3 au 4.

Katika miaka ya 1950 mchanga ulikuwa umeujaza mdomo wa Khor Dubai, na vyombo vikashindwa kuingia. Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum alikopa fedha, zikiwamo za Kuwait, na kazi ya kuchimba ikakamilika mwaka 1961, miaka 5 kabla ya mafuta kugunduliwa. Baadaye saruji na chuma vilichukua nafasi ya boriti. Mwaka 2001 ikaanza kazi ya kisiwa cha Palm Jumeirah, kilichojengwa kwa mchanga uliochotwa baharini na kuzungushiwa ukuta wa mawe wa kilomita 11. Ilibidi ukuta huo uachiwe mapengo ili maji ya ndani yasituame.

Ng'ambo ya bahari, vijiji vingi vya Waswahili havina ukuta wa mawe, vina mikoko. Mizizi yake huvunja nguvu ya mawimbi, hushika tope na kuwahifadhi samaki wachanga. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982. Hatua hiyo iliipunguzia misitu shoka, lakini wakataji wa Lamu walipoteza soko la ng'ambo lililowalisha tangu enzi za mababu zao.

Tangu wakati huo suala limebaki kuwa ni nani atakayeigharimia pwani isiyokatwa. Huko Gazi, kusini mwa Mombasa, wanakijiji walianza mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja. Wanatunza hekta 117 za msitu na kuuza haki za hewa ukaa inayohifadhiwa humo. Mapato yamepelekwa katika maji na shule.

Suala hilo lilifika Dubai yenyewe tarehe 30 Novemba 2023, Umoja wa Mataifa ulipofungua hapo mkutano wake wa tabianchi. Siku hiyo ya kwanza uliidhinishwa utaratibu wa mfuko wa hasara na uharibifu, na Umoja wa Falme za Kiarabu na Ujerumani zikaahidi dola milioni 100 kila moja. Miezi michache baadaye, tarehe 16 Aprili 2024, Dubai iligubikwa na mafuriko, katika mvua kubwa kuliko zote zilizorekodiwa nchini humo tangu 1949. Hata mji wenye mali haukusalimika.

Zamani boriti zilihesabiwa kwa korija na kulipiwa zikiwa zimekwisha kukatwa. Mkoko uliosimama haukuwa na bei. Mvuvi wa Rufiji au Lamu, anayehitaji kuni leo na kinga ya mawimbi kesho, hawezi kuubeba mzigo huo peke yake.