Rekodi za ardhi na utafutaji wa mababu (Gitega na Muyinga)

Rekodi za ardhi za kikoloni nchini Burundi ni hati, ramani, mihtasari ya uchunguzi na vitabu vya usajili vilivyoachwa na Wajerumani, waliotawala hadi 1916, na Wabelgiji waliowafuata hadi uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Wanaotafuta nasaba huzitumia kuwatambua mababu wa wakati huo: Warundi wa vilimani, Waswahili wa mitaa ya mjini, wafanyabiashara wa Kihindi, Kiarabu na Kigiriki, wamisionari na maofisa wa Kizungu. Gitega ni mji uliozaliwa na utawala. Muyinga ni nchi ya mpakani. Kwa sababu hiyo njia za utafiti katika sehemu hizi mbili hazifanani.

Mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo alikubali mamlaka ya Wajerumani kwa mkataba wa Kiganda mwaka 1903, na mwaka 1912 makao ya utawala yakahamishwa kutoka Usumbura, Bujumbura ya leo, kwenda Gitega. Tayari amri ya mwaka 1895 ilikuwa imeifanya ardhi "isiyo na mwenyewe" katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kuwa mali ya dola. Wabelgiji walikuja na kanuni ya namna hiyohiyo. Sheria ya tarehe 21 Agosti 1925 ilipoiunganisha Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za leo, na Kongo ya Kibelgiji kiutawala, utaratibu wa hati wa Kongo ukaenea hadi huko. Utaratibu huo ulifuata mtindo wa Torrens, ulioanzia Australia Kusini mwaka 1858: mmiliki ni yule ambaye jina lake limo katika kitabu cha msajili.

Hapo ndipo wengi hupotea. Huomba kuona kitabu, hulitafuta jina la babu, hulikosa, kisha huamini kwamba babu hakuandikwa popote. Ukweli ni kwamba Mrundi wa kawaida hakuwa na hati. Shamba lake la urithi, itongo, lilishikiliwa kwa mila, na mpaka wake ulijulikana kwa ua wa miyenzi, kwa mvumu wa zamani na kwa kauli ya abashingantahe, wazee waamuzi wa kilima. Kitabu cha msajili kiliwahusu zaidi misheni, makampuni, wafanyabiashara na dola yenyewe. Babu wa kilimani hutafutwa kama jirani, shahidi au mtu aliyeondolewa.

Karatasi yenye manufaa kuliko zote, kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, ni muhtasari wa uchunguzi uliofanywa kabla ya ardhi kutolewa. Ofisa wa Kibelgiji alipaswa kwenda mahali penyewe na kuuliza kama kuna wenye haki juu ya ardhi hiyo. Muhtasari wa namna hiyo unaweza kumtaja chifu na naibu wake, kilima, waliokuwa wakilima au kuchunga hapo, na fidia waliyopewa kwa vibanda na migomba. Mwishoni huwa na sahihi, alama ya msalaba au dole gumba. Hati ya mwisho hubaki na jina la aliyepewa ardhi peke yake. Kwa hiyo mtafiti aombe faili zima. Nakala ya hati haitamfikisha mbali.

Tatizo la pili ni majina. Jina la Kirundi halirithiwi: baba aweza kuitwa Ntahombaye, mwanawe Nzeyimana, mjukuu Ndikumana, na hakuna herufi inayowaunganisha. Kumtafuta babu kwa "jina la ukoo", kama afanyavyo mtu wa Ulaya, ni kazi bure. Kinachounganisha vizazi katika karatasi ni kilima, jina la baba, jina la mama likiwepo, umuryango, yaani ukoo, na chifu aliyekuwa akitawala. Tahajia nayo ilibadilika kufuatana na mwandishi: Gitega yenyewe katika hati za Wajerumani ni Kitega. Majina ya wafalme, Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa, yalizunguka kwa zamu, basi mzee akisema "tangu enzi ya Ntare", aulizwe ni Ntare yupi.

Pengo hilo kati ya vizazi huzibwa vizuri na misheni. Mapadri Weupe walianzisha Mugera, katika eneo la Gitega, mwaka 1899, na Rugari, upande wa Muyinga, mwaka 1909. Misheni ilikuwa mwenye ardhi na papo hapo mtunza kumbukumbu: kwa upande mmoja ina faili la kiwanja chake, kwa upande wa pili vitabu vya ubatizo na ndoa vinavyowataja wazazi. Jina lililoonekana katika muhtasari wa ardhi likikutana na baba wa mtoto aliyebatizwa kutoka kilima hichohicho, ushahidi umeanza kushikana. Kibimba, karibu na Gitega, ni mfano mgumu zaidi: Waprotestanti wa Kijerumani wa misheni ya Neukirchen walifika huko kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakaondoka Wabelgiji walipoingia, na mwaka 1934 wakaja Makwekeri kutoka Marekani. Kiwanja kimoja huwa na karatasi Ujerumani, Ubelgiji na Marekani.

Kwa Waswahili wa Gitega na Muyinga kazi ni nyepesi kidogo. Wengi wao walitokana na askari, wapagazi, Wamanyema na wafanyabiashara, nao walikaa karibu na boma, katika viwanja vilivyogawiwa na utawala. Jina lenye "bin" linambeba baba ndani yake, na mara nyingine babu. Kasoro ni kwamba haki zao zilikuwa za kukaa au kupanga tu, hivyo karatasi zao ziko katika mafaili ya boma na ya kodi, mbali na kitabu cha hati.

Muyinga inadai kuvuka mpaka. Bugufi, iliyokuwa sehemu ya Urundi, ilibaki chini ya Waingereza baada ya vita na leo imo katika wilaya ya Ngara, Tanzania. Familia moja iliweza kuwa na itongo upande huu na ndugu upande ule, na vijana wengi walikwenda Tanganyika kufanya kazi mashambani. Vitabu vya wilaya vya Waingereza, ambavyo mara nyingi viliandika nasaba za machifu, vimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, pamoja na mafaili ya Wajerumani.

Kuna pia wanaomtafuta baba Mzungu. Watoto wengi wa baba Wazungu na mama Waafrika walitenganishwa na mama zao na kupelekwa katika taasisi kama ile ya Save, Rwanda. Serikali ya Ubelgiji iliomba radhi tarehe 4 Aprili 2019. Mahali ambapo cheti cha kuzaliwa hakimtaji baba, orodha ya waliopewa viwanja katika boma fulani, mwaka fulani, hupunguza idadi ya wanaoweza kuwa yeye. Haithibitishi ubaba.

Karatasi za baadaye zisidharauliwe. Baada ya mauaji na ukimbizi wa mwaka 1972, mashamba mengi yalipata wakaaji wapya. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006 na kumaliza muda wake mwaka 2022, ilisikiliza madai ya waliorejea, na mdai wa ardhi ya urithi alipaswa kueleza aliipata kwa nani.

Mafaili mengi ya Wabelgiji yalisafirishwa Brussels karibu na uhuru, na Hifadhi ya Nyaraka ya Dola ya Ubelgiji imekuwa ikiyapokea kutoka Wizara ya Mambo ya Nje. Nchini Burundi ofisi za hati za ardhi zipo Bujumbura, Gitega na Ngozi. Tangu mageuzi ya mwaka 2025 nchi ina mikoa mitano, na Muyinga imeingizwa katika mkoa wa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Mafaili ya zamani yamepangwa kwa majina ya wakati wake. Anayeandika barua ya maombi ataje kilima, chifu wa zamani, eneo la kikoloni na mkoa wa sasa.