Jinsi ya kupiga Windows upya bila kupoteza leseni iliyokuja na laptopu

Laptopu imekuwa nzito, inachukua dakika tano kuwaka, matangazo yanajifungua yenyewe. Fundi anaiangalia, anasema dawa ni kupiga Windows upya, na leseni italipiwa pembeni. Hapo kwenye leseni ndipo wengi wanapopigwa. Laptopu iliyotoka kiwandani na Windows 8 au toleo la baadaye kwa kawaida ina leseni yake ndani ya mashine, na hiyo haifutiki hata diski ikifutwa yote.

Leseni inakaa wapi?

Enzi za Windows 7, namba ya leseni yenye herufi na tarakimu 25 ilikuwa kwenye stika chini ya laptopu. Stika ikifutika kwa jasho na vumbi, ndiyo basi tena. Kuanzia Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, watengenezaji kama HP, Dell na Lenovo walianza kuiandika namba hiyo ndani ya BIOS, kwenye chipu iliyopo katika bodi kuu, ile mafundi wanayoiita mazabodi. Ndiyo maana laptopu za siku hizi ukizigeuza hukuti namba yoyote. Windows inapopigwa upya, inaisoma namba hiyo yenyewe.

Juu ya hapo, tangu mwaka 2015 kuna leseni ya kidijitali. Seva za Microsoft zinakumbuka kwamba mashine fulani ina leseni ya toleo fulani, kwa hiyo ikirudi na toleo lilelile na kuingia intaneti, inatambuliwa. Kubadilisha diski au RAM hakuna shida. Kubadilisha bodi kuu ni habari nyingine, kwa sababu leseni ya kiwandani huondoka na bodi ya zamani.

Toleo ndilo linalowaangusha wengi

Windows Home na Windows Pro ni leseni mbili tofauti. Laptopu yenye leseni ya Home ikipigwa Pro, haitajiaktiveti hata ikae kwenye WiFi wiki nzima. Fundi mwenye flashi moja tu ya Pro humpigia kila mteja Pro, halafu anamalizia na kraki.

Hali hii iko sana kwenye laptopu za mtumba, zile zinazotoka maofisini Ulaya na Dubai na kuuzwa Kariakoo au barabara ya Luthuli, Nairobi. Unaweza kukuta ina Windows Enterprise ya kampuni iliyokuwa inaitumia, wakati ndani ya BIOS kuna leseni safi kabisa ya Pro ambayo hakuna aliyeigusa.

Kujua ukweli ni rahisi. Kabla ya kufuta chochote, fungua PowerShell na uandike:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKeyDescription

Jibu likiwa na neno "Core", leseni ya kiwandani ni Home. Likiwa na "Professional", ni Pro. Likirudi tupu, basi BIOS haina namba. Hapo nenda "Settings", kisha "System", kisha "Activation", uone kama kuna leseni ya kidijitali. Kwenye Windows 10 sehemu hiyo iko chini ya "Update & Security".

Okoa mafaili kwanza

Hapa pasifanyike haraka. Kupiga Windows upya kwa usafi maana yake ni kufuta kila kitu: picha, hesabu za duka, tasnifu ya chuo. Nakili kwenye diski ya nje wakati laptopu bado inawaka. Laptopu nyingi mpya za Windows 11 zinajifungia diski zenyewe kwa BitLocker, na mashine ikigoma kuwaka, diski hiyo ukiipeleka kwenye kompyuta nyingine itadai namba ya tarakimu 48. Mara nyingi namba hiyo huwa imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Aliyesahau akaunti hiyo, mafaili yake ndiyo yamekwenda.

Kazi yenyewe

Inahitajika flashi ya GB 8 au zaidi, isiyo na kitu cha maana maana itafutwa, na programu ya Media Creation Tool kutoka tovuti ya Microsoft. Windows 11 peke yake inazidi GB 5, hivyo bando la usiku linasaidia.

Chomeka flashi na uwashe laptopu huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo. Kwa HP ni Esc halafu F9. Ikikuuliza namba ya leseni, chagua "I don't have a product key", kisha toleo lilelile uliloliona kwenye PowerShell. Ukifika kwenye orodha ya diski, futa sehemu zote za diski ya ndani na uache Windows ijigawie yenyewe.

Wakati mwingine orodha hiyo inakuja tupu. Usikubali haraka kwamba diski imekufa. Kwenye laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11, kinachokosekana ni draiva ya Intel RST tu. Ipakue kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, iweke kwenye flashi, kisha bonyeza "Load driver".

Windows ikikosa draiva ya WiFi, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe USB tethering. Baada ya kuingia intaneti, leseni huwa inakubali ndani ya dakika chache.

Ikigoma

Kosa la 0xC004F213 maana yake Windows haikuona leseni ya mashine hiyo. Angalia toleo kwanza, kabla ya kumpa mtu hela. Kama bodi kuu ilibadilishwa, leseni mpya inahitajika kweli. Zile kraki za KMS zinaaktiveti kwa siku 180 kisha zinajirudia kimyakimya, na nyingi hukuambia uzime antivirasi kwanza, jambo ambalo peke yake lingetosha kumshtua mtu.

Kwa wenye mashine za zamani, Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Bado inapigwa, na leseni yake bado inakubali. Windows 11 inataka TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, Microsoft inaikubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa mashine chache za kabla ya hapo.