Ukilewa Ndani ya Geti la Mbuga

Machi 1894, jamaa mmoja alikamatwa ndani ya mbuga ya Yellowstone, Marekani, akichuna baisani aliokuwa ametoka kuwaua, wale nyati wakubwa wenye manyoya mazito. Ushahidi ulikuwa umelala hapo kwenye theluji. Shida ni kwamba hakukuwa na sheria ya kumfunga. Yellowstone ilikuwa mbuga tangu 1872, na jeshi lililinda tangu 1886, lakini kazi kubwa ambayo wanajeshi wangeweza kufanya ni kumfukuza. Wakamfukuza, basi.

Magazeti yalipiga kelele. Kufikia Mei mwaka huohuo, Bunge lilikuwa limepitisha sheria yenye meno, na Yellowstone ikapata kamishna wake wa kusikiliza kesi palepale mbugani.

Unauliza, sasa mlevi anaingilia wapi? Anaingilia mlango huohuo. Mwaka 1915 magari ya watalii yaliruhusiwa Yellowstone, na penye gari na chupa, kesi haziko mbali. Mnamo 1968 makamishna wa zamani walianza kutoa nafasi kwa mahakimu wa serikali kuu. Leo, ukipatikana ukiendesha gari ndani ya mbuga ya taifa na pombe ya gramu 0.08 au zaidi kwa mililita 100 za damu, unaweza kushtakiwa na serikali kuu, si jimbo. Adhabu ni jela hadi miezi 6, na faini inaweza kufika dola 5,000. Faili linaandikwa "Marekani dhidi ya", halafu jina lako. Nchi nzima dhidi yako na bia zako.

Kwenye kambi za jeshi mambo ni tofauti kidogo. Huko hutumika sheria ya kuazima, yenye mizizi mwaka 1825: pale serikali kuu haina sheria yake kuhusu kosa fulani, inachukua ya jimbo ambamo kambi ipo na kuitumia kama yake.

Utata mkubwa uko kwingine. Hapa kwetu hakimu ndiye anaamua, na tumeshazoea. Mmarekani yeye amelelewa akiamini kwamba raia wenzake, jopo la watu wa kawaida, ndio watasema kama ana hatia. California humpa haki hiyo hata mwenye kosa dogo. Sasa dereva mmoja akashtakiwa kwa ulevi ndani ya Yosemite, mbuga iliyo California hiyohiyo. Akaomba jopo, hakimu akakataa, akapatikana na hatia. Mahakama mbili za juu zikasema alistahili jopo. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu kabisa ikazipindua: kosa ambalo jela yake haizidi miezi 6 huhesabiwa kuwa dogo, na kwa kosa dogo Katiba haimdai mtu yeyote jopo.

Kwa hivyo barabara ni ileile, chupa ni zilezile, lakini ukivuka geti haki zako zinapungua. Sheria iliyozaliwa kuokoa baisani iliziba pengo la kweli. Ila miezi 6 ni midogo kwa anayeiandika tu. Kwa anayeilala ndani, ni kazi iliyopotea, kodi ya nyumba iliyorundikana na mtoto aliyejifunza kutembea ukiwa haupo. Na uamuzi wote huo uko mikononi mwa mtu mmoja.