Ugonjwa Uliojificha Jichoni

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Mangina, Beni, Butembo: majina hayo yakasikika duniani kote. Tauni hiyo ilipotangazwa kuwa imekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa, na 1,171 walikuwa wamepona. Lakini waganga walikwisha kujifunza huko Afrika ya Magharibi kwamba mtu aweza kupona Ebola, kisha macho yake yakaanza kuona ukungu. Kwa nini macho?

Ili kufahamu, yafaa tujue jicho lenyewe. Jicho ni chumba chenye giza. Mwanga huingia katika mboni, hupita katika maji safi, katika lenzi na katika ute mwangavu, kisha hutua juu ya utando wa nyuma uitwao retina. Johannes Kepler alieleza mwaka 1604 kwamba picha huchorwa hapo. Padre Christoph Scheiner, Mjesuiti, aliyetoa kitabu chake juu ya jicho mwaka 1619, alitaka kuiona picha hiyo. Alikwangua ngozi ya nyuma ya jicho la ng'ombe, akatazama: vitu vya mbele vilionekana, navyo vimepinduka, juu chini. (Mchinjaji mwenye kisu kikali na subira aweza kujaribu vivyo hivyo.)

Basi, maji yale yakichafuka, picha hufifia. Ndiyo sababu mwili hauwaachi askari wake wa damu waingie jichoni ovyo. Wakipigana mle wataharibu. Nao ulinzi huo ndio ulioipatia Ebola maficho. Mganga Mmarekani Ian Crozier aliugua Sierra Leone mwaka 2014, akapona. Wiki 9 baada ya damu yake kuwa safi, virusi vilikutwa ndani ya jicho lake, na jicho la buluu likageuka kijani. Machozi yake hayakuwa na virusi. Neno hilo la mwisho lingefaa kutangazwa sokoni, maana waliopona wamekimbiwa na jirani zao bila haki.

Uvimbe wa namna hii huweza kuleta mtoto wa jicho, naye huondolewa kwa kisu tu. Lakini nani angethubutu kufungua jicho lenye Ebola? Huko Sierra Leone waganga walipima kwanza maji ya macho ya watu 50 waliopona, wasikute virusi. Ndipo waliposhika visu.

Huko Beni hawakungoja. Mwezi wa Machi 2019, ugonjwa ungali unaua, kliniki ya macho ilifunguliwa kwa waliopona, na zaidi ya 250 walitazamwa, waganga wa Kongo nao wakifundishwa kazi hiyo. Mganga hupitisha mwali mwembamba wa taa jichoni, akitafuta chembe zinazoelea, kama vumbi tulionalo katika mwanga wa jua uingiao dirishani asubuhi. Mwali ukipita safi, mtu hurudi nyumbani mpaka siku atakayoitwa tena.