Soko la Hiari na Soko la Shuruti: Umarx wa Kisiasa na Asili ya Neno Ubepari

Utangulizi

Neno bepari liliingia katika Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi, hususani Kigujarati, likiwa na maana ya mfanyabiashara. Katika bandari za Pwani, aliyeitwa hivyo alikuwa mtu wa duka, mizani na daftari la mikopo. Katika karne ya 20, Kiswahili cha siasa kilipohitaji istilahi ya mfumo wa uzalishaji aliouchambua Marx, kiliongeza kiambishi u- na kupata ubepari. Kwa hatua hiyo ndogo ya mofolojia, nadharia nzima ya historia iliingia katika lugha bila kujadiliwa, nayo ni kwamba ubepari ni biashara iliyokua. Makala haya yanaipima nadharia hiyo kwa hoja za Umarx wa Kisiasa, mkondo ambao umejengwa juu ya kuikataa.

Mjadala wa chimbuko

Mwaka 1946, mwanauchumi Mwingereza Maurice Dobb alidai kwamba ukabaila wa Ulaya ulivunjwa na mivutano yake wenyewe, hasa kati ya mabwana na wakulima. Mwaka 1950, Mmarekani Paul Sweezy alimjibu kwamba msukumo ulitoka nje ya mfumo huo, yaani katika biashara ya masafa marefu na miji iliyoitegemea. Robert Brenner aliuanzisha mjadala huo upya mwaka 1976 katika jarida la Past and Present. Swali lake lilikuwa la ulinganishi. Tauni ya karne ya 14 ilipunguza watu katika sehemu kubwa ya Ulaya, na biashara nayo ilizifikia nchi nyingi. Kwa nini, basi, matokeo yalitofautiana?

Mashariki mwa mto Elbe, mabwana waliwarudisha wakulima katika utwana, wakawafunga kwenye ardhi, na nafaka ya jasho lao ikauzwa Ulaya Magharibi. Huko biashara haikuvunja ukabaila, bali iliupa nguvu mpya. Nchini Ufaransa, wakulima waliimarisha haki zao juu ya vishamba vyao, na mfalme aliyehitaji walipa kodi akawa na sababu ya kuwakinga dhidi ya mabwana. Nchini Uingereza, wakulima waliondokana na utwana, lakini mabwana walibaki na sehemu kubwa ya ardhi, wakaikodisha kwa wapangaji walioshindania mikataba. Mpangaji aliyeshindwa kuzalisha kwa gharama nafuu alishindwa kulipa kodi, na aliyeshindwa kulipa kodi alipoteza shamba. Akalazimika kuboresha kilimo, kuajiri vibarua na kurudisha faida katika uzalishaji. Matokeo hayo hayakukusudiwa na mtu yeyote. Yalizaliwa na mapambano ambayo kila upande uliyaingia ili kujihifadhi jinsi ulivyokuwa.

Mwaka 1978, mwanahistoria Mfaransa Guy Bois aliuita mtazamo huo Umarx wa kisiasa. Hakulitoa jina hilo kwa sifa, kwa kuwa alimshutumu Brenner kwa kuyapa mapambano ya kitabaka uzito uliofunika sheria za uchumi. Ellen Meiksins Wood alilipokea jina hilo na kulitetea. Katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu asili ya ubepari, alitofautisha soko kama fursa na soko kama shuruti. Masoko ya fursa yamekuwapo kwa maelfu ya miaka, na mtu huweza kuyaendea au kuyaacha akaendelea kuishi. Katika ubepari, mfanyakazi na mwajiri kwa pamoja hawapati mahitaji yao ya msingi ila kwa kupitia sokoni. Kwa hiyo mfanyabiashara anayenunua kwa bei nafuu na kuuza kwa bei ghali, hata awe tajiri kiasi gani, si lazima awe bepari kwa maana hii.

Pwani na mashamba ya karafuu

Historia ya Pwani ya Afrika Mashariki inaupa mtazamo huu mtihani wa kweli. Kilwa, Mombasa na Zanzibar ziliuza na kununua ng'ambo kwa karne nyingi bila biashara hiyo kuzaa ubepari. Katika karne ya 19, fedha za wafanyabiashara wa Kihindi ziliwezesha misafara ya pembe za ndovu, na mashamba ya karafuu yakaenea Unguja na Pemba. Bidhaa ilikuwa ya soko la dunia, lakini kazi ilikuwa ya mtumwa.

Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, watawala wa Kiingereza walitarajia kwamba waliokuwa watumwa wangegeuka vibarua watiifu. Frederick Cooper, katika utafiti wake wa mwaka 1980, anaonyesha kwamba wengi walikaa katika mashamba makubwa kama maskwota, wakalima chakula chao, na wakauza nguvu zao kwa masharti waliyoweza kuyajadili. Soko lilikuwapo, na fedha zilikuwapo. Shuruti ndiyo iliyokosa nguvu, kwa sababu mtu mwenye kipande cha kupanda muhogo hakulazimika kuitikia kila mwito wa mwenye shamba.

Pingamizi

Hata hivyo, mkondo huu una upungufu unaoihusu Afrika moja kwa moja. Walter Rodney, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1972 alipokuwa akifundisha Dar es Salaam, aliweka biashara ya watumwa na ukoloni katika kiini cha historia ya utajiri wa Ulaya. Brenner, katika makala yake ya mwaka 1977, aliwakosoa Sweezy, Frank na Wallerstein kwa kueleza ubepari kwa mtandao wa biashara ya dunia. Ukosoaji huo unamwacha msomaji wa Kiafrika na swali: kama ubepari ulizaliwa katika mashamba ya Uingereza, damu iliyomwagika ng'ambo inahesabiwa wapi? Jibu linalowezekana ni kutenganisha maswali mawili. Chimbuko la shuruti ni jambo moja, na chakula kilichoilisha hadi ikaweza kuitawala dunia ni jambo jingine. Mtazamo wa Brenner una nguvu katika swali la kwanza, na ule wa Rodney katika la pili. Hakuna sababu ya jibu moja kulifuta lingine.

Hitimisho: lugha na lawama

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliutaja ubepari pamoja na ukabaila, na lugha ya siasa ya miaka hiyo ilijaa kupe, mirija na wanyonyaji. Taswira hizo zilikuwa na nguvu kwa sababu zilieleweka na kila mtu. Lakini zote humwonyesha mtu anayefyonza, anayeshiba na anayeweza kung'olewa. Zikichanganyika na neno ambalo asili yake ni mfanyabiashara wa Kihindi, lawama ya mfumo iligeuka kwa urahisi kuwa lawama ya jirani mwenye duka.

Kupe hashindani na kupe mwenzake kwa kupunguza gharama, wala haogopi kufilisika. Bepari wa Brenner na Wood huogopa, na hofu yake hiyo ndiyo inayombana kibarua. Akiondolewa yeye na uhusiano ukabaki, atakayekaa mahali pake, awe mtu binafsi au shirika la umma, atabanwa na kubana vilevile. Neno ubepari limekwisha kuota mizizi, wala halihitaji kubadilishwa. Linalohitajika ni kwa mhakiki na mtunga istilahi kukumbuka kwamba neno hilo lilizaliwa dukani, ilhali jambo linalotajwa nalo, kwa ushahidi wa mkondo huu, lilizaliwa shambani.