Kugeuza fomati ya nyimbo kwa kisoma skrini: mwongozo kwa msikilizaji asiyeona

Flashi imechomekwa kwenye sabufa, wageni wamekaa, nyimbo tatu za kwanza zinapiga na zilizobaki zinarukwa. Watu husema flashi ni mbovu. Mara nyingi flashi ni nzima, ila nyimbo zimehifadhiwa kwa fomati ambayo sabufa haiijui.

Anayeona hukimbilia kibanda cha kuwekea nyimbo, iwe Lumemo au Ifakara mjini, na shida inaisha. Kwa msikilizaji asiyeona kuna jambo la kufikiria zaidi. Akimkabidhi mtu simu, amemkabidhi pia meseji zake, namba za ndugu zake na pesa zake za kwenye mtandao. Ndiyo maana inafaa kujua kuifanya kazi hii mwenyewe, na inawezekana kabisa.

Fomati ni nini?

Fomati ni namna sauti inavyohifadhiwa ndani ya faili. Herufi za mwisho za jina la faili, baada ya nukta, ndizo hukutambulisha fomati.

WAV ni sauti kamili isiyopunguzwa. Kwa ubora wa CD, dakika moja huchukua karibu MB 10, hivyo wimbo wa dakika 5 ni karibu MB 50.

FLAC nayo haipotezi kitu, ila imefungashwa vizuri zaidi. Mara nyingi huwa karibu nusu ya WAV.

MP3 ndiyo inayokubalika karibu kila mahali: sabufa, redio za flashi, simu za vitufe. Ilitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, na herufi hizo za mwisho zilichaguliwa mwaka 1995. Kwa kiwango cha 128, dakika moja ni karibu MB 1. Kwa 192 ni karibu MB 1.4, na kwa 320 ni karibu MB 2.4.

M4A hutumiwa na simu nyingi zinaporekodi sauti. OPUS ndiyo fomati ya sauti zinazorekodiwa na kutumwa ndani ya WhatsApp. Sabufa nyingi hazizipigi hizi mbili.

AMR hupatikana kwenye simu za zamani. Ilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, kwa hiyo muziki husikika kama unatoka ndani ya debe.

Angalizo: kufuta herufi za m4a na kuandika mp3 si kugeuza fomati. Umebadilisha jina tu, faili ni lile lile.

Mpunga na mchele

Sisi wa bonde la Kilombero tunaweza kulielewa jambo hili kwa mpunga. Kutoka WAV kwenda MP3 ni kama kukoboa: mzigo unapungua na unabebeka, lakini pumba hairudi tena. Ukigeuza MP3 kuwa WAV, faili litakuwa kubwa, ila sauti iliyopotea haitarudi. Na ukigeuza MP3 kuwa M4A, kisha kuwa MP3 tena, sauti inazidi kuchoka kila mara.

Kwa hiyo rekodi ya kwanza ni mbegu. Usiifute. Ukihitaji fomati nyingine, rudi kwenye ile ya kwanza na ugeuze kutoka hapo. Rekodi ya kwaya au ya ngoma ya wazee haiwezi kurudiwa kama mwimbaji mmoja ameshatangulia mbele za haki.

Kwa simu ya Android

Kisoma skrini cha simu nyingi za Android ni TalkBack. Kwenye simu nyingi huwashwa kwa kubana vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde chache. Ikishindikana, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu. Telezesha kidole kulia kwenda kitu kinachofuata, gusa mara mbili kukifungua. Ukiwa mbele za watu vaa spika za masikioni, ili simu isitangaze mambo yako.

Programu za kugeuza sauti ni nyingi kwenye Play Store. Kabla hujatumia bando kubwa au kulipia, ipime hivi:

1. Pita kwenye vitufe vyake vyote. Ukisikia neno "kitufe" tu, bila jina, programu hiyo haikuandaliwa kwa asiyeona. TalkBack inakuruhusu kukipa kitufe cha namna hiyo jina lako mwenyewe, lakini vikiwa vingi, tafuta programu nyingine.
2. Angalia kama unaweza kuchagua faili, fomati na mahali pa kuhifadhi bila kusaidiwa.
3. Jaribu kwanza kwa wimbo mmoja mfupi. Usikilize mwanzo, katikati na mwisho.

Ogopa tovuti zinazodai kugeuza nyimbo bure. Nyingi zimejaa matangazo, na kisoma skrini kitakusomea vitufe vinne vya kupakua wakati cha kweli ni kimoja.

Kwa kompyuta ya Windows

Hapa kazi ni nyepesi zaidi, na kompyuta ya shule au ya rafiki inatosha. Kisoma skrini cha bure ni NVDA, kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Sauti yake ya eSpeak NG inasoma hata Kiswahili.

Programu ya VLC nayo ni ya bure. Fuata hatua hizi:

1. Fungua VLC, kisha bonyeza Ctrl na R.
2. Tembea kwa kitufe cha Tab hadi usikie "Add". Bonyeza Enter, chagua wimbo wako.
3. Endelea na Tab hadi "Convert / Save". Bonyeza Enter.
4. Kwenye orodha ya "Profile", tumia mishale hadi usikie "Audio - MP3".
5. Kwenye "Destination file", andika mahali na jina jipya linaloishia na .mp3. Jina lisiwe sawa na la faili la kwanza.
6. Nenda "Start", bonyeza Enter.

Ukipotea njiani, bonyeza Insert na Tab, NVDA itakuambia uko wapi. Usitegemee kutangaziwa kwamba kazi imekwisha. Subiri kidogo, kisha fungua faili jipya na ulisikilize hadi mwisho.

Aliyezoea kuandika amri anaweza kutumia FFmpeg. Ni maandishi matupu, hakuna picha wala vitufe vya kutafuta, kwa hiyo kisoma skrini kinaimudu vizuri. Ikishawekwa kwenye kompyuta, mstari mmoja unatosha:

ffmpeg -i wimbo.m4a -b:a 192k wimbo.mp3

Faili la kwanza linabaki kama lilivyokuwa.

Kabla ya kupeleka flashi

Sabufa nyingi husoma flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32. Memori kadi zenye ukubwa wa zaidi ya GB 32 kwa kawaida huja na exFAT, na zinaweza kukataliwa hata kama nyimbo zote ni MP3. Kwa hiyo flashi ndogo ya GB 8 au 16 ni salama zaidi kwa sherehe. Ukiambiwa ni lazima ifomatiwe, hamisha kwanza kila kitu, maana kufomati hufuta vyote.

Yape mafaili majina yanayoeleweka: namba, jina la wimbo, jina la kundi. Jina kama "AUD 0047" halimsaidii asiyeona, na halimsaidii mtangazaji pia.

Ukituma wimbo redioni kwa WhatsApp, utume kama hati, usiurekodi upya kwa kuisogeza simu kwenye spika. Ukitumwa kama hati unafika na jina lake na ubora wake. Kama una WAV au FLAC, tuma hiyo. Kukoboa tutakoboa sisi huku.

Na pale ambapo huna budi kwenda kibandani, mpe fundi memori kadi au flashi. Simu ibaki mfukoni mwako.