Wauguzi Walionyamaza

Historia ya programu za simu nchini Kenya kwa kawaida huanzia Machi 2007, M-Pesa ilipozinduliwa. Mimi wanafunzi wangu huwaanzishia Kilifi, kwenye jokofu la damu.

Miaka hiyo Nathan Eagle, mtafiti kutoka MIT nchini Marekani, alikuwa akifundisha uandishi wa programu za simu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, chini ya mradi ulioitwa EPROM. Wanafunzi waliozoea kompyuta za mezani wakaanza kuziandikia simu zenyewe. Ikumbukwe wengi wetu mfukoni tulibeba ile Nokia 1100, mulika mwizi, ambayo tochi yake ilitusaidia kuliko kitu kingine chochote kilichokuwa ndani yake.

Kule Kilifi, Pwani, alikoishi Eagle, hospitali ziliweza kuishiwa damu bila kituo kikuu kujua mapema. Ukabuniwa mfumo: muuguzi atume ujumbe mfupi wa kiasi kilichobaki, na takwimu zionekane mara moja kwa wanaosambaza damu. Mwanzoni ujumbe ulifika vizuri. Haukupita muda, wauguzi waliotuma wakapungua, kisha karibu wote wakanyamaza.

Programu haikuwa na hitilafu yoyote. Shida ni kwamba kila ujumbe ulikatwa kwenye kredo ya muuguzi mwenyewe, na mshahara wake mnaujua. Eagle alipoanza kuwarudishia kredo hiyo na kuongeza kidogo juu, ujumbe ukarudi. Wazo hilo la kulipa watu kwa kredo ndilo alilolijengea kampuni ya txteagle baadaye. Mimi kampuni hainishughulishi sana. Kinachonivutia ni ule ukimya. Hakuna muuguzi aliyehitaji kujaza dodoso. Aliacha tu kutuma, na mtu mmoja akawa na busara ya kuuliza kwa nini badala ya kuwaita wavivu.

Thika nako watu walikaidi, ila kwa kelele zaidi. Kuanzia Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walikuwa wakijaribu huduma iliyogharamiwa kwa sehemu na serikali ya Uingereza. Lengo lilikuwa dogo na la heshima: wateja wa Faulu, shirika la mikopo midogo, walipe mikopo yao kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie, walioongoza kazi hiyo, walijikuta wanatazama mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Mfanyabiashara anaweka pesa kwa wakala mji mmoja, anapanda matatu, anatoa pesa zile zile mji wa pili saa chache baadaye, mifuko mitupu njia nzima. Mwingine anaziacha humo usiku kucha kwa sababu nyumbani si salama. Mwingine anamnunulia jamaa wa mashambani kredo. Shirika la mikopo lenyewe lilihangaika, maana vitabu vyake na mikutano ya vikundi havikuingiliana vizuri na mtambo huo. Huduma ilipofunguliwa kwa umma, mikopo iliwekwa kando na ikabaki kazi moja: kumtumia mtu wa nyumbani pesa. Kwa maneno mengine, wateja wa majaribio ndio walioiandika M-Pesa upya.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Ushahidi, jukwaa la kukusanya taarifa za wananchi kwa simu na mtandao, ilizaliwa Januari 2008 katika ghasia za uchaguzi. iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, ilifunguliwa 2010 barabara ya Ngong, na mashindano ya kuandika programu usiku kucha yakawa mengi kuliko harusi za Desemba. Sina ugomvi nayo, ila nimekaa kwenye meza za majaji nikaona zawadi ikienda kwa yule mwenye picha nzuri ukutani, na mkulima anayesemwa hajawahi kuulizwa lolote. Afadhali walivyofanya Terry Winograd na Joshua Cohen, mmoja mtaalamu wa kompyuta na mwingine wa falsafa ya siasa, walioendesha somo kule Stanford kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi. Huko ndiko ulikotoka mradi wa M-Maji wa Kibera: muuza maji atangaze kwa simu yoyote ya kubonyeza bei yake na mahali alipo, na mnunuzi atafute kabla ya kubeba mtungi.

Mwaka jana kundi langu moja lilimchagua mama mboga wa Githurai. Walimwandalia programu ya kuandika madeni, na kila Ijumaa ingewatumia wadaiwa ujumbe wa kuwakumbusha. Mama akatoa daftari lake lililoingia unyevu wa sukuma wiki. Wateja wameandikwa kwa majina ya watoto wao: Mama Kevo 50, Baba Shiru 120.

“Mama, si ni rahisi simu iwakumbushe?” akauliza mmoja.

“Nikimwandikia, mtoto wangu, kesho atapitia njia ile ingine.”

Deni, akaeleza, hulikumbusha huku anakatakata mboga, macho kwenye kisu, wakati hakuna mteja mwingine anayesikia. Alichotaka kwenye simu ni jumla ya jioni tu, ili ajue kama ana za kwenda sokoni alfajiri.

Vijana wakafuta sehemu ya ujumbe, ambayo ndiyo iliyowakosesha usingizi kuiandika na ndiyo waliyojivunia. Ikabaki skrini moja yenye jumla. Fomu yetu ya kusahihishia ina alama za usalama, za ripoti na za vipengele vilivyokamilika. Haina mahali pa kipengele kilichoondolewa. Nikawapa alama zao chini ya “majaribio”, na msahihishaji wa nje akaweka alama ya kuuliza pembeni.